Kibao Kilicholala

Hakuwa balozi. Alituambia hivyo mara nyingi mpaka akachoka yeye, sisi tukaendelea kumwita Balozi. Kazi yake, kama alivyoieleza, ilikuwa kukaa nyuma ya balozi: kumnong'oneza, kumpa karatasi, na siku balozi akiwa na shughuli nyingine, kusogea mbele na kukalia kile kiti chenye jina la Kenya. Aliifanya miaka mingi, Geneva, Vienna na New York, katika mikutano ya kuyazuia mataifa yasipeleke silaha huko juu kunakozunguka setilaiti. Kisha akastaafu, akarudi kwa ng'ombe wake nje ya Kitengela, akawa jirani yangu.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, nimestaafu pia, na watu wangu walitoka Murang'a. Nilinunua ekari zangu wakati ungeweza kusimama mlangoni asubuhi usione paa lingine. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba anayesimulia si mtu asiye na lake katika habari hii. Ninalo langu, na nitalifikia.

Alivaa koti la suti juu ya shuka la Kimaasai, na miguuni viatu vya akala, vile vya tairi. Shingoni alining'iniza kamba ya buluu, ile wanayopewa wajumbe ya kubebea kitambulisho cha mkutano, ila yeye alifunga hapo ufunguo wa zizi la mbuzi. Mkoba wake wa ngozi, ambao zamani ulibeba hotuba, sasa ulibeba dawa ya kupe na sindano za chanjo. Ukimwona kwa mbali ungedhani ni daktari wa mifugo aliyepotea njia ya kwenda harusini. Nilimwambia hivyo siku moja, akacheka mpaka akalazimika kushika ukuta.

Alinisalimu kwa salamu ambayo Wamaasai wenzake huwapa kina mama. "Takwenya," angesema, nami nijibu "Iko," kwa lafudhi iliyomfanya mke wake ageuke kando afiche mdomo. Hakuwahi kunipita bila salamu hiyo, hata siku ambazo alikuwa na sababu.

Kukatisha mtu maneno hakuweza kabisa. Katika mikutano yetu ya majirani mtu angeweza kuongea upuuzi nusu saa, na Balozi angekaa ameinamisha kichwa, akiandika. Ukimuuliza kwa nini hakumnyamazisha, angekwambia kwamba maisha yake yote aliwasikiliza watu wakisoma hotuba ileile, mwaka baada ya mwaka, na kwamba siku watakapoacha kuzisoma ndipo atakapoogopa. Na "hapana" hakuisema. Alisema, "Hiyo tuiweke kwenye mabano." Kule Geneva neno ambalo halijakubalika huwekwa katika mabano, wakaendelea na lingine. Mke wake alinieleza kwamba hata mambo ya nyumbani aliyaweka kwenye mabano, na kwamba paa la jikoni limekuwa humo tangu astaafu.

Habari za juu alizieleza vizuri akiwa na chai mkononi. Siku moja baada ya ibada, mchungaji mmoja wa ng'ombe alimuuliza, bila ubaya, hiyo vita ya setilaiti inawahusu nini wao ambao hata lami imewafikia juzi. Balozi alimwomba simu yake. Akamwonyesha ule ujumbe unaokuja kuwaeleza wafugaji mvua imenyesha wapi na majani yako wapi.

"Hii maneno inatoka juu," akamwambia. "Iko kitu huko inaangalia nyasi yako. Sasa watu wawili wakikosana huko juu, mmoja apige cha mwenzake, vile vipande havianguki. Vinazunguka. Ni kama mtu avunje chupa pale ng'ombe wanakunywa maji. Hata ng'ombe wake mwenyewe watakuja kunywa hapo."

Yule mchungaji akafikiri, akauliza kama hakuna sheria. Balozi akamwambia ipo, ya zamani, ambayo mataifa yaliweka sahihi. Inakataza bomu la nyuklia lisiwekwe juu. Lakini haikatazi kila silaha, na hilo pengo ndilo alilokaa akilitazama siku zake zote za kazi. Alisema pengo lile lilionekana dogo mwanzoni, kwa sababu ni wachache waliokuwa na uwezo wa kupita.

Kilichomsumbua zaidi si makombora. Ni kitu alichokiita mkono. Kuna setilaiti zenye mkono, alinieleza, wa kuzishika nyingine na kuzikarabati. Mkono huohuo unaweza kung'oa. Utajuaje ni upi umekuja kukarabati na upi umekuja kung'oa? Upande mmoja ukumbini ulitaka vitu vyenyewe vipigwe marufuku. Upande wa pili ukasema vitu havitambuliki, afadhali tupige marufuku matendo. Wakabishana hivyo mpaka saa ya chakula, wakala, wakarudi kubishana. Alipokuwa akinieleza haya alikuwa anamkagua mbuzi wangu kwato, na nakumbuka aliushika ule mguu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Usidhani alikuwa malaika. Mtu huyu aliyekunywa kahawa na wajumbe wa mataifa yenye makombora hakuweza kunywa chai na ndugu yake wa tumbo moja. Ndugu huyo analima vitunguu kule Kimana, kwa maji ya mfereji, na miaka iliyopita alizungushia shamba seng'enge hadi kwenye njia ya ng'ombe wa baba yao. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Hata kwenye mazishi ya mama yao walisimama pande mbili za kaburi. Nilimtania kwamba aite mkutano, amweke ndugu yake kwenye mabano. Hakucheka. Akaniambia, "Ndugu si taifa, Mwalimu. Taifa halikumbuki vile ulikuwa ukilia ukiwa mtoto."

Nadhani ni kwa sababu ya seng'enge ya Kimana alituletea yale makubaliano. Tulikuwa wenye ardhi tisa, kutoka barabarani hadi kwenye bwawa, wengi wao familia za Wamaasai, na sisi wachache tuliotoka nyanda za juu. Tuliandikiana kwamba hakuna atakayeweka ua. Ng'ombe wa yeyote wangepita kwenda kunywa, na wanyama wa porini pia, kama walivyopita siku zote. Mimi nilichaguliwa katibu kwa kuwa nina mwandiko mzuri, na tulikutana katika darasa la chekechea la kanisa, wazee wazima wamekunja magoti kwenye viti vya watoto.

Balozi alitufundisha kuongoza mkutano kama kule Geneva. Alikwenda kwa fundi wa samani aliye kando ya barabara, akaokota mabaki ya mbao, akampa kila mwenye shamba kibao. Waliokuwa na ng'ombe walichoma alama ya mifugo yao. Mimi niliandika "Mwalimu" kwa rangi iliyobaki kwenye geti. Kibao kikilala mbele yako, huna neno. Ukikisimamisha wima, mwenyekiti lazima akupe nafasi. Mwenyekiti wetu, mfugaji mnene mwenye kicheko kikubwa, alisema Wazungu wamesafiri mbali sana kugundua jambo ambalo Wamaasai hulifanya kwa fimbo. Lakini alikubali, na kwa rungu lake akawa anagonga meza kila jambo linapopita.

Na tuliamua kwa kuafikiana. Makubaliano hayangefunguliwa, yaani kubadilishwa au kuvunjwa, ila wote tisa wakubali, na mmoja akisimamisha kibao tunarudi kuongea. Balozi aliniambia faraghani kwamba kanuni hiyo ndiyo iliyowafunga mikono kule ng'ambo, kwa kuwa taifa moja tu lingeweza kukwamisha mengine yote. Aliona ajabu kwamba huku kwetu ingeweza kutuokoa.

Ilituokoa miaka miwili ya ukame. Ng'ombe walipita kwangu wakienda bwawani, mavi wakaniachia ya bustani, na sikuwa na neno. Niliokuwa na neno nao ni pundamilia, ambao nyanya zangu za bustanini walizikanyaga misimu mitatu. Pundamilia hajui makubaliano, nawe huwezi kumpa kibao.

Kisha mmoja wetu akauza nusu ya shamba. Mnunuzi hakuwa mwanachama, akaleta lori la posti, zile nguzo za kufungia nyaya. Alisema ni za zizi la ng'ombe wa maziwa. Pengine ilikuwa kweli. Lakini kila mmoja wetu alizihesabu alipopita, na kila mmoja alifikiri jambo lilelile: huyu akifunga, mifugo yote na wanyama wote watasukumwa kwa aliyebaki wazi. Hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho. Jirani wa kulia akaleta zake, akasema ni za banda la kuku. Nilicheka niliposikia, maana kwa posti zile banda lingefika hadi Embulbul, mji mwingine kabisa. Wiki iliyofuata nami nikaleta.

Balozi alipita siku hiyohiyo. Alisimama getini, mkoba mkononi, akazitazama posti zangu zilivyopangwa chini ya ukuta.

"Takwenya, Mwalimu."

"Iko."

"Hizi ni za nini?"

"Za zizi la mbuzi," nikasema.

Nina mbuzi wanne. Alizitazama tena, akaitikia kwa kichwa, akaniuliza habari ya nyanya. Hakuuliza tena kuhusu posti, siku hiyo wala nyingine. Ningependa angeuliza.

Mguu wake ulikuwa ukimsumbua tangu zamani, kidonda kisichopona juu ya kifundo. Mwishowe daktari wa Kajiado akasema alazwe, akatwe vidole viwili. Siku ya kulazwa kwake na siku ya mkutano wetu zikagongana. Ajenda ilikuwa moja: kufungua makubaliano. Ijumaa mchana alikuja kwangu akichechemea, na kwapani alikuwa na kitu alichokizungushia gazeti. Kilikuwa kibao chake.

Alikataa chai, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kisha akanieleza habari ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia. Kulikuwa na kikao kimoja, karibu na mwisho wa kazi yake, cha kumalizia ripoti. Ndani yake mlikuwa na aya moja iliyosema mataifa yasilipue setilaiti kwa makombora, kwa sababu ya vile vipande. Kulikuwa na wasiopenda aya hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa mbele siku hiyo, na mfukoni alikuwa na kauli fupi, iliyokubaliwa na majirani zetu kadhaa wa Afrika, kwamba aya ibaki. Asubuhi ile mjumbe wa nchi kubwa alikuja kwenye kiti chake na vikombe viwili vya kahawa. Hakumtisha wala hakumwahidi kitu. Alimuuliza habari za watoto, akawakumbuka kwa majina, akasema anatumaini leo watamaliza mapema.

"Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi aya hiyo itolewe," Balozi akaniambia. "Hapo mbele yangu kibao kimelala. Ni kukiinua tu, Mwalimu. Hata si kuongea, ni kukiinua. Nikaangalia huku, nikaangalia kule. Nikasema lazima kuna mwingine atainua. Wote tulikuwa tunaangaliana hivyo. Mwenyekiti akagonga, aya ikatoka."

Nilimwambia kwamba neno lake lisingezuia kombora. Alisema anajua. Lakini ingebaki imeandikwa kwamba kuna mtu alikataa, na atakayekuja baadaye angekuwa na pa kushika. Baadaye, akiwa tayari amestaafu, alisikia redioni kwamba nchi fulani imeipiga setilaiti yake yenyewe kwa kombora, kujaribu tu. Alizima redio akaenda kuhesabu mbuzi. Akawahesabu mara mbili, hesabu haikukaa kichwani.

"Kesho mimi sitakuwa," akasema. "Simamisha hiki. Husemi lolote lingine. Useme Balozi anapinga, basi, warudi kuongea mwezi ujao. Mimi niliwahi kukiacha kimelala. Sitaki kiwe kimelala mara ya pili."

Nikamwambia aende akatibiwe, asiwe na wasiwasi. Maneno hayo niliyatamka mimi, kwa mdomo wangu.

Jumamosi asubuhi darasa lilijaa. Kibao chake kilikuwa ndani ya kikapu changu, kikapu kiko mapajani. Mwenyekiti aliongea kwa masikitiko ya kweli. Alisema makubaliano yalikuwa mazuri, lakini dunia imebadilika na kila mtu sasa alinde chake. Alisema wote tumeona posti, na aliposema hivyo hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha akauliza, kama tulivyofundishwa, "Kuna mwenye pingamizi?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya kikapu. Nilikishika kile kibao, nikapapasa alama ya ng'ombe iliyochomwa. Nilizifikiria nyanya zangu. Nilifikiria kwamba nikisimamisha tutaongea mwezi mmoja, na katika mwezi huo yule mnunuzi atakuwa amefunga, na mimi ndiye nitakayebaki wazi. Upande wa pili mzee mmoja aligusa kibao chake kwa kidole, nikamwomba Mungu akisimamishe. Nadhani naye aliniona, akaomba hivyohivyo.

"Sioni," mwenyekiti akasema, akagonga rungu. Nami katibu nikaandika kwamba imepita bila pingamizi, kwa ule mwandiko wangu mzuri.

Ua wa kwanza kusimama ulikuwa wangu, kwa kuwa mimi tayari nilikuwa nimenunua na nyaya.

Alikaa hospitalini zaidi ya tulivyotarajia, na aliporudi sikwenda kumwona. Nilituma unga, nikatuma salamu, nikasingizia magoti. Aibu nilikuwa nayo mpaka kanisani nilibadilisha benchi. Kutoka jikoni nilimwona mke wake akiwatoa ng'ombe. Hawakuweza tena kukatiza kwangu. Waliteremka kandokando ya nyaya mpaka kwenye lami, wakavuka barabara ya malori, wakazunguka mbali ndipo wafike majini. Nilijiambia kwamba hata ningeng'oa zangu, kuna za wengine mbele. Naamini kila mmoja wetu alijiambia hivyo.

Mwezi uliopita nikafunga sukari na majani ya chai kwenye mfuko, nikachukua kile kikapu, nikaenda. Nilimkuta ameketi sebuleni, mguu juu ya stuli, mkongojo ukutani. Alikuwa amekonda, koti la suti likimning'inia mabegani, kamba ya buluu ingali shingoni.

"Takwenya, Mwalimu."

"Iko," nikajibu. Mke wake alileta chai ya maziwa akatoka kwenda kufungua zizi. Balozi alianza na habari za juu, kama ilivyokuwa desturi. Redioni walisema mataifa yamekutana tena New York, kamati mpya, mwenyekiti mpya, na wiki ya kwanza imeishia kwenye kubishana kuhusu ajenda. Aliongea bila hasira. Alisema angalau wako chumbani. Nilimsikiliza nikisubiri aniulize, na hakuuliza, na mwishowe nikashindwa kuvumilia. Nikatoa kibao chake kwenye kikapu nikakilaza mezani.

Kisha akanyoosha mkono, akakisimamisha wima katikati ya vikombe viwili vya chai, akakiegemeza kwenye bakuli la sukari kisianguke. Akaketi nyuma na kunitazama.

"Mwalimu ana nafasi," akasema.

Nikasema. Nilisema nilikishika na sikukitoa. Nilisema kuhusu nyanya, na yule mzee na kidole chake, na jinsi nilivyomngoja mwingine. Nilisema zile posti hazikuwa za zizi, sikuwahi kuwaza zizi hata siku moja. Nililia, na sikuwa nimekusudia kulia mbele yake. Hakunikatisha, kama ambavyo hakuwahi kumkatisha mtu. Nilipomaliza alingoja kidogo, kuhakikisha nimemaliza.

"Nilijua ni za ua," akasema. "Na mimi pia sikukuuliza mara ya pili."

Nje kengele za ng'ombe zilikuwa zimeanza kusogea. Alitazama dirishani, akashusha mguu kutoka kwenye stuli, akatafuta mkongojo. Nilimuuliza anakwenda wapi na kidonda kile. Akasema kuna malori yanakuja mbio kutoka kwenye machimbo ya mchanga, mke wake hawezi kuwa nyuma ya ng'ombe na mbele yao kwa wakati mmoja, na kila siku yeye mwenyewe, Balozi, ndiye anayesimama barabarani kuyazuia. Alisema hivyo kama mtu anayekueleza ni saa ngapi.

Nilimwambia akae. Nikachukua kibao mezani, nikatoka, nikapita kando ya nyaya zangu mwenyewe hadi kwenye lami. Ng'ombe walikuwa wamefika ukingoni, mke wake nyuma yao na fimbo. Nilisimama katikati ya barabara na kukiinua kile kibao juu kwa mikono miwili. Lori la mchanga likapiga honi mara tatu kabla ya kusimama, na dereva akatoa kichwa akaniuliza kama niko na akili. Nilibaki nimekiinua mpaka ndama wa mwisho akavuka.